Makazi ya Wazee Sukamahela

Makazi ya Wazee Sukamahela ni makazi ya wazee na watu wasiojiweza yaliyopo wilayani Manyoni, mkoa wa Singida, katikati ya Tanzania. Yanaendeshwa na Serikali na kutunza wazee wasio na ndugu wa kuwategemea, pamoja na watu walioachiwa ulemavu na ugonjwa wa ukoma na familia zao. Wenyeji wengi bado huyaita "kambi", jina lililobaki tangu zama ambapo wagonjwa wa ukoma walitengwa na vijiji vyao.

Ingawa kwenye orodha za serikali yanahesabiwa kama taasisi, makazi ya namna hii yanafanana zaidi na kijiji kidogo: kuna nyumba za familia, majiko ya kuni, kuku, bustani, wajukuu wanaokwenda shule na makaburi. Maisha ya pamoja ya wakazi wake hayawezi kueleweka bila kukumbuka jambo hilo.

Mahali na mazingira

Wilaya ya Manyoni iko upande wa kusini wa mkoa wa Singida, kwenye njia ya Reli ya Kati na barabara kuu inayotoka Dodoma. Ni eneo la ukame wa kadiri, lenye msimu mmoja wa mvua unaoanza kati ya Novemba na Desemba na kwisha Aprili. Mazao yanayostahimili ni uwele, mtama, alizeti, karanga na viazi vitamu. Mahindi hupandwa pia lakini huungua mara kwa mara mvua ikikatika Februari. Sehemu ya mashariki ya wilaya ni nchi ya Wagogo. Wanyaturu, Wakimbu, Wataturu na wahamiaji kutoka mikoa ya jirani wanaishi pia wilayani.

Hali hiyo ya hewa ina uzito wake kwa mzee. Katika mwaka wa njaa kijana huondoka kutafuta kibarua Dodoma, Dar es Salaam au mashambani kwa watu, na mara nyingi anayebaki nyumbani ni bibi au babu. Vijana wa Singida walikuwa wakiondoka hata zamani za ukoloni, kwenda kukata mkonge katika mashamba ya Tanga na Morogoro, na baadhi yao hawakurudi. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 2,008,058 katika mkoa wa Singida, kutoka 1,370,637 mwaka 2012. Kwa nchi nzima, wazee wa miaka 60 na zaidi walikuwa takriban milioni 3.5, yaani asilimia 5.7 ya watu wote. Wanaoishi katika makazi ya serikali ni sehemu ndogo sana ya idadi hiyo. Wengine wote wako majumbani.

Historia

Asili ya makazi kadhaa ya wazee nchini Tanzania ni ukoma. Ugonjwa huo husababishwa na bakteria aina ya Mycobacterium leprae, waliogunduliwa na daktari Gerhard Armauer Hansen wa Norwei mwaka 1873. Kabla ya kupatikana dawa, serikali ya kikoloni na misheni za Kikristo zilianzisha kambi ambako wagonjwa walipewa viwanja, wakajenga, wakalima na kuoana wao kwa wao. Nunge ya Dar es Salaam, Chazi ya Morogoro na Kolandoto ya Shinyanga ni kati ya mahali palipojulikana kwa shughuli hiyo. Katika Kanda ya Kati, kituo kilichojulikana zaidi kwa matibabu ya ukoma kilikuwa Hombolo, karibu na Dodoma.

Dapsoni, dawa ya kwanza yenye nguvu dhidi ya ukoma, ilianza kutumika miaka ya 1940, lakini mgonjwa alilazimika kuimeza kwa miaka mingi, na baadaye bakteria wakaanza kuizoea. Tanzania iliunda mpango wa taifa wa kudhibiti kifua kikuu na ukoma mwaka 1977. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mseto wa dawa, yaani rifampisini na dapsoni, pamoja na klofazimini, na Tanzania ikaanza kuutumia mwaka 1983. Mseto huo humponya mgonjwa kwa miezi 6 au 12 kutegemea aina ya ugonjwa, na mgonjwa huacha kuambukiza muda mfupi baada ya kuanza dozi. Mwaka 2006 nchi ilifikia kiwango cha chini ya mgonjwa 1 kwa kila watu 10,000.

Baada ya hapo hapakuwa na sababu ya kitabibu ya kumtenga mtu yeyote, lakini wakazi wa kambi walibaki. Wengi walikuwa wamezeeka humo, vidole vimekatika, mashamba ya urithi yameshagawanywa na ndugu, na huko walikotoka jina la ugonjwa lilikuwa bado linatisha. Hivyo kambi ya wagonjwa iligeuka polepole kuwa makazi ya wazee, bila ya mtu kuhama.

Chanzo cha pili kilikuwa siasa ya nchi baada ya uhuru. Azimio la Arusha la mwaka 1967, lililokataza mtu kuishi kwa jasho la mwenzake, liliwataja wazee wasiojiweza, pamoja na watoto wadogo na walemavu, miongoni mwa wachache wanaostahili kutegemea kazi ya wengine. Kwa msingi huo Serikali ilijitwika jukumu la kuwatunza wazee wasio na mtu, na idara ya ustawi wa jamii ikakabidhiwa kazi hiyo. Idara imehamishwa wizara mara kadhaa. Tangu Januari 2022, masuala ya wazee yako chini ya Wizara ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum. Kabla ya hapo yalikuwa pamoja na afya.

Sera ya Taifa ya Wazee ilitolewa mwaka 2003. Inamtambua mzee kuwa mtu mwenye umri wa miaka 60 na kuendelea, na inasema wazi kwamba mtunzaji wa kwanza wa mzee ni familia, kisha jamii inayomzunguka. Makazi ni hatua ya mwisho. Sera si sheria, na kwa miaka mingi baada ya 2003 Tanzania Bara haikuwa na sheria mahususi ya wazee.

Kuingia makazini

Kwa kawaida safari huanzia kijijini. Mtendaji wa kijiji au wa kata hutoa taarifa ya mzee anayelala njaa au asiye na nyumba, kisha afisa ustawi wa jamii wa halmashauri humtembelea. Kazi ya kwanza ya afisa ni kutafuta ndugu: watoto, wapwa, hata wa ukoo wa mbali. Akiwapata, hujaribu kuwapatanisha na mzee wao kabla ya kufikiria kumhamisha. Ni kazi ngumu kuliko inavyoonekana kwenye karatasi, kwa sababu mara nyingi ndugu wapo na wanafahamika, na shida ni kwamba walishagombana naye kwa ajili ya shamba, au wamemtuhumu uchawi. Katika mikoa ya kaskazini-magharibi, hasa Shinyanga na Mwanza, tuhuma za namna hiyo zimewahi kugharimu maisha ya wanawake wazee, wengine kwa kuwa macho yao yalikuwa mekundu kutokana na moshi wa kuni na kinyesi cha ng'ombe walichopikia maisha yao yote.

Asipopatikana wa kumtunza, mzee hupelekwa makazini na kuandikishwa kwa mfawidhi, ambaye ndiye mkuu wa makazi. Mlango unabaki wazi: ndugu wakijitokeza na kuwa tayari kumchukua, anaweza kurudi kwao.

Wakazi na wategemezi

Maelezo ya sehemu hii na zinazofuata yanahusu maisha ya kawaida katika makazi ya serikali yanayotunza wazee pamoja na watu walioathiriwa na ukoma, kundi ambalo Sukamahela imo.

Taarifa za serikali kuhusu makazi haya huwa na hesabu mbili, ya wazee na ya wategemezi. Wategemezi ni wake, waume, watoto na wajukuu wanaoishi na mkazi aliyeandikishwa. Wapo kwa sababu kambi za ukoma ziliruhusu ndoa, na watu walioishi humo miaka 30 au 40 walizaa kama watu wengine. Baadhi ya watoto hao walikua, wakaondoka, wakaleta wajukuu walelewe na bibi, kama inavyofanyika katika kijiji chochote cha Singida.

Hapa ndipo palipo na mvutano mkubwa wa maisha ya makazi. Posho ya chakula hupangwa kwa kichwa cha mzee aliyeandikishwa, ilhali chungu huinjikwa kwa ajili ya nyumba nzima. Bibi aliyepewa kilo za unga za mtu mmoja hawezi kula huku mjukuu anamtazama. Kwa mtazamo wa mhasibu, mjukuu ni mzigo usio kwenye bajeti. Kwa bibi mwenye mikono isiyo na vidole, mjukuu ndiye anayechota maji, anayewasha moto, anayesoma barua na anayekimbia kumwita muuguzi usiku. Kumwondoa mtoto ili kupunguza gharama ni kumnyang'anya mzee mtunzaji wake wa karibu zaidi. Ndiyo maana kila palipofanywa uhakiki wa wakazi, swali la nani abaki limekuwa gumu kuliko swali la nani aingie.

Mtoto anayetoka kambini hukutana na jambo jingine shuleni. Wenzake wanajua anakotoka. Ukoma haurithiwi, na mtu aliyetibiwa hamwambukizi mwingine, lakini ufahamu huo huchelewa kufika kuliko utani wa watoto.

Maisha ya kila siku

Siku huanza mapema, kwa uji. Wenye nguvu hufagia nyua na kumwagilia bustani kabla jua halijawa kali. Wengine hukaa nje kuota jua, kwani asubuhi za Juni na Julai katika nyanda za kati zina baridi inayoumiza viungo.

Kwa waliougua ukoma, saa za asubuhi ni pia saa za kutunza miguu. Ugonjwa huua neva, na sehemu ya mwili isiyo na neva hufa ganzi. Mtu hukanyaga mwiba asiujue, au hushika sufuria ya moto mpaka aone ngozi ikitoka. Kidonda kisichouma hakimlazimishi mtu kupumzika, hivyo huchimba mpaka mfupa. Vidole vya mkoma havidondoki kwa ukoma wenyewe, kama wengi wanavyodhani; hupotea kidogo kidogo kwa majeraha na maambukizi ya namna hii. Kinga yake ni kazi ya kila siku isiyohitaji daktari: kuloweka miguu katika maji ya kawaida kwa muda, kusugua sugu, kupaka mafuta ngozi ikiwa bado na unyevu, na kuikagua nyayo yote. Asiyeona vizuri hukaguliwa na mwenzake. Jioni mbili za uzembe zinaweza kuleta mwezi mzima wa kufunga bandeji. Viatu vyenye soli laini ya mpira ni sehemu ya matibabu, na jozi iliyoharibika ni jambo la dharura, ingawa machoni mwa mgeni inaweza kuonekana shida ndogo. Vivyo hivyo kwa macho: kope zisizofunga sawasawa huacha jicho wazi kwa vumbi, na vumbi la Manyoni wakati wa kiangazi si dogo.

Chakula kikuu ni ugali, wa mahindi au, kama wazee wengi wa Kigogo na Kinyaturu wanavyopendelea, wa uwele au mtama, pamoja na mlenda, maharage, dagaa, na nyama inapopatikana. Vyakula huletwa na mzabuni aliyeshinda zabuni ya serikali. Mpango huo una udhaifu unaojulikana: malipo kwa mzabuni yakichelewa, ghala nalo hupungua. Katika siku hizo bustani za mchicha, kuku wachache na shamba la karanga nyuma ya nyumba huacha kuwa burudani ya wazee na kuwa akiba ya kweli. Wapo wakazi wanaolima kwa jembe lililofungwa kitambaa kwenye mpini ili lisiteleze mikononi.

Mchana ni wa mazungumzo. Bao huchezwa chini ya mti, redio husikilizwa kwa pamoja, hasa taarifa ya habari na matangazo ya vifo, na wanawake hupeta nafaka, husuka ukili au hushona. Wakazi hutoka makabila mengi, jambo linalofanya Kiswahili kuwa lugha ya makazi hata kwa wale waliozeeka bila kukitumia kwao. Utani wa makabila, kama ule wa Wagogo na Wahehe, huendelea na kurahisisha mengi: mtani anaweza kumwambia mwenzake aoge au aache kulalamika bila kuzusha ugomvi. Wahudumu huwaita wakazi babu na bibi, nao huitwa mwanangu au mjukuu wangu, hata kama mhudumu ana miaka 50.

Ibada ni mhimili wa wiki. Waislamu huswali pamoja na Ijumaa huwa na uzito wake. Wakristo wa madhehebu mbalimbali husali Jumapili, mara nyingi wakitembelewa na katekista au mwinjilisti kutoka kijiji cha jirani. Kwa mzee asiye na ndugu, kundi la ibada hufanya kazi za ukoo: humjulia hali anapoumwa, humchangia na kumwombea.

Uongozi wa ndani

Wakazi kwa kawaida huwa na mwenyekiti na kamati yao, wanaoshughulikia ugomvi mdogo, usafi, zamu za kumhudumia aliyelala na mapokezi ya wageni. Kamati ndiyo pia inayopeleka malalamiko kwa mfawidhi. Nje ya makazi, wazee nchini wana mabaraza ya wazee kuanzia ngazi ya kijiji, na kupitia hayo hudai huduma kama matibabu bila malipo kwa wasio na uwezo na dirisha la wazee katika hospitali. Kwa mkazi wa Sukamahela dirisha hilo lina maana pale tu anapopata usafiri wa kufika hospitalini.

Sikukuu na wageni

Wageni wengi huja kwa siku maalum: Krismasi, Idi, Siku ya Wanawake tarehe 8 Machi na Siku ya Wazee Duniani tarehe 1 Oktoba. Siku hii ya mwisho iliamuliwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa mwaka 1990 na kuadhimishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1991. Siku ya Ukoma Duniani, iliyoanzishwa mwaka 1954 kwa juhudi za Mfaransa Raoul Follereau, huangukia Jumapili ya mwisho ya Januari. Vikundi vya kina mama, watumishi wa umma, wanafunzi, makanisa na misikiti huleta unga, mchele, sukari, sabuni, mafuta ya kupikia na mashuka. Hotuba hutolewa, picha hupigwa, na ngoma huchezwa. Upande wa Wagogo wanawake hupiga ngoma za muheme, na zeze na ilimba ni ala za wenyeji wa eneo hilo.

Misaada hiyo inahitajika na hupokelewa kwa furaha. Kasoro yake ni kwamba hujazana katika wiki chache za mwaka, na huwa ya aina moja. Sukari inaweza kufika kutoka kwa vikundi vitatu ndani ya mwezi mmoja, wakati vifaa vya kufungia vidonda, miwani, magongo, nauli ya hospitali na ukarabati wa paa havipo katika mfuko wa mtu yeyote. Vikundi vinavyoanza kwa kumuuliza mfawidhi na kamati ya wakazi nini kimepungua hufanya kazi kubwa kwa fedha kidogo. Wapo pia wanaokuja mikono mitupu na kukaa mchana mzima wakisikiliza, na wageni wa aina hiyo hukumbukwa kwa majina.

Kifo na mazishi

Mkazi anapofariki, makazi hutafuta ndugu kwa kumbukumbu zilizoandikwa siku alipoingia. Wakipatikana, hupewa nafasi ya kumchukua au kuja kuzika. Wasipopatikana, wakazi na wahudumu humzika wenyewe, kwa taratibu za dini yake. Katika jamii za Singida, kama kwingine Tanzania, kuzikwa na watu wa kwenu ni jambo zito, na wazee wengi makazini huwa na wasiwasi nalo kuliko chakula. Baadhi hueleza mapema kwa kamati wanataka kuzikwa karibu na nani. Kwa walioishi kambini tangu ujana, jibu mara nyingi ni karibu na mume, mke au jirani waliyezeeka naye hapo hapo.

Makazi mengine

Serikali iliwahi kuwa na makazi 17 ya wazee na wasiojiweza Tanzania Bara. Mbali na Sukamahela, yanajulikana Nunge (Dar es Salaam), Kolandoto (Shinyanga), Bukumbi (Mwanza), Ipuli (Tabora), Njoro (Kilimanjaro), Magugu (Manyara), Fungafunga (Morogoro), Mwanzange (Tanga), Nyabange (Mara) na Kilima (Kagera). Mengine huendeshwa na mashirika ya dini, hasa masista wa Kanisa Katoliki. Zanzibar ina makazi ya Sebuleni na Welezo huko Unguja na Limbani huko Pemba. Tofauti na Bara, tangu Aprili 2016 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar huwalipa pensheni ya kila mwezi wazee wote waliofikia miaka 70, hata wasiowahi kuajiriwa. Ilianza kwa shilingi 20,000. Fedha hizo humfikia mzee akiwa kwake, penye ndugu na majirani zake.